Habari za Safari Yetu ya Kunduchi

Wasomaji wapenzi, mmezoea kusoma katika karatasi hii habari za safari za mbali, za watu waliovuka milima na kulala njiani siku nyingi. Leo twapenda kuwapasha habari za safari fupi mno, ambayo haikutimiza siku moja, nasi tulirudi kulala vitandani mwetu. Wala hatuandiki kwa kujisifu, maana habari yenyewe ina aibu yetu ndani yake. Twaandika kwa kuwa yaliyotupata yaweza kuipata nyumba yo yote yenye watoto, na ambaye ameonywa na mwenzake hana haja ya kungoja aonywe na msiba.

Nyumba yetu i Kimara, upande wa magharibi wa mji wa Dar es Salaam. Tangu mwezi wa Januari watoto wetu watano walikuwa wakitusihi tuwapeleke Kunduchi, penye bustani ya maji, mahali palipofanywa mabwawa ya kuogelea na mitelezo mirefu ya kuchezea. Wenzao wa shule walikuwa wamekwisha kwenda, wakarudi na maneno mengi. Nasi tuliwaahidi, tukaweka kopo juu ya kabati, na kila mwisho wa mwezi tukatia humo tulichoweza. Watoto nao wakatia sarafu zao. Hata mwezi wa Juni ulipokwisha, kopo lilitosha kiingilio cha watu wote wa nyumbani, na nauli, na kikasalia kidogo. Tukashauriana, tukaona si vema kufurahi peke yetu, maana jirani yetu ana watoto wawili wanaocheza na wetu kila siku. Jirani huyo ni mwanamke Mwislamu, mwenye kupika maandazi alfajiri, na mumewe ni mlinzi wa usiku. Tukamwomba atupe watoto wake, naye akawatoa kwa furaha, msichana wa miaka tisa na mvulana wa miaka minne. Siku tuliyochagua ni Sabasaba, Jumatatu, tarehe 7 Julai mwaka 2025, kwa maana watu hawaendi kazini siku hiyo, wala haikuwa siku ya Bwana.

Lakini nyumbani mwetu palikuwa na jambo moja lililotutia hofu kulinena. Mama yetu mzee, ambaye watoto humwita Bibi, alikuwa amekuja kutoka Bukoba tangu Mei ili atibiwe macho. Naye Bibi ana habari na maji.

Wengi wenu mwakumbuka mwezi wa Mei mwaka 1996. Meli iliyoitwa MV Bukoba ilitoka Bukoba jioni, ikapita Kemondo kupakia watu zaidi, na asubuhi ya tarehe 21, ilipokuwa imekaribia Mwanza, ikalala ubavu, ikapinduka, ikazama. Meli ile ilifanywa kuchukua abiria 430, lakini waliokuwamo walipita sana hesabu hiyo, na waliokufa wakadiriwa kuwa 800 au zaidi. Katika hao alikuwamo ndugu yetu mdogo, kijana wa miaka kumi na minane, aliyekuwa akirudi shuleni. Mwili wake haukutambulikana. Twaamini amelala Igoma, kule Mwanza, katika makaburi walimozikwa wengi wa msiba ule.

Tangu mwaka ule Bibi hakupanda chombo cha majini. Hata alipotaka kwenda kuzuru Igoma, hakukubali kupita Busisi kwa kivuko, bali alizunguka kwa basi njia ya Kahama na Shinyanga, akachoka sana, lakini hakulalamika. Na sisi watoto wake alituwekea sheria, na sheria hiyo ikashuka kwa wajukuu: mtu asiingie katika maji yapitayo magoti. Tulipokuwa watu wazima hatukuishika wala hatukuitangua. Tuliiacha tu ikae. Kwa hiyo ilitokea kwamba katika nyumba yetu yote, wakubwa kwa wadogo, hapakuwa na mtu mmoja ajuaye kuogelea.

Jioni ya tarehe 6, tulipokuwa tukila, mtoto mmoja aliponyokwa na neno, akataja Kunduchi. Meza ikanyamaza. Bibi akaweka kijiko chini, akauliza, "Kunduchi kuna nini?" Tukamweleza. Hakutugombeza. Alikaa kitambo, kisha akasema, "Mmewaahidi?" Tukajibu, "Naam, Mama, tumewaahidi." Akasema, "Ahadi ya mtoto haivunjwi. Lakini nami nitakwenda."

Usiku ule tulimsikia chumbani mwake akichana nguo. Asubuhi akatoa kanga yake nyekundu ya zamani, ameichana vipande saba, akamfunga kila mtoto kipande kichwani. Mkubwa wetu, aliye kidato cha tatu, akaona haya mno. Akasema, "Bibi, watu watatucheka." Bibi akajibu, "Wacheke. Jicho langu moja halijapona, na nyekundu naiona."

Tukasali, tukatoka saa kumi na mbili u nusu. Tulikuwa watu kumi: wazazi wawili, Bibi, na watoto saba. Tukapanda basi la mwendokasi mpaka Ubungo, tena daladala mpaka Mwenge, na huko tukapata gari jingine la kwenda kaskazini kwa barabara ya Bagamoyo. Barabara hii ni pana na ina maduka pande zote mbili. Ukipita Lugalo, penye kambi na hospitali ya jeshi, wafika Mbezi, kisha Afrikana, kisha Mtongani. Mbele yako, upande wa Tegeta, waona kilima cha Wazo, ambacho tangu mwaka 1966 mawe yake yamekuwa yakisagwa kuwa saruji. Mwalimu mwenzetu alitueleza zamani kwamba mawe yale ni matumbawe, yaani nchi ile yote ilikuwa chini ya bahari kabla ya watu kuwako. Watoto walipolisikia neno hilo wakaanza kutafuta samaki vilimani, tukacheka.

Mtongani tulishuka, tukakodi bajaji tatu kuelekea ufukoni. Kunduchi ni kijiji cha kale cha wavuvi. Kungali na magofu ya msikiti uliojengwa kwa mawe ya matumbawe karne nyingi zilizopita, na karibu yake makaburi yenye nguzo ndefu, ambayo wenyeji wa zamani waliyapamba kwa sahani za Kichina zilizotiwa ukutani. Sahani hizo ni ushahidi kwamba merikebu za biashara zilifika pwani hii zamani sana. Mibuyu mikubwa yasimama katikati ya makaburi. Tulipita pale kwa utulivu, tukawaambia watoto wasipige kelele, kwa maana mahali walipolala watu ni mahali pa heshima, wawe wa dini yo yote.

Kutoka ufukoni huonekana kisiwa cha Mbudya, na mbali zaidi upande wa kusini, Bongoyo. Visiwa hivi, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, vimehifadhiwa na serikali tangu mwaka 1975, ili matumbawe yake na samaki wasiharibiwe. Siku ile kusi ilikuwa ikivuma, na mawimbi yalikuwa na povu. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akishona wavu, alitwambia kwamba pwani ya Kunduchi imeliwa sana na bahari, na kwamba mahali alipocheza utotoni sasa ni maji matupu. Jambo hilo wataalamu nao wamelichunguza, na wamesema kwamba sababu mojawapo ni kuchimbwa kwa mchanga mitoni, kwa maana mto ndio uletao mchanga ufukoni, na mto ukinyang'anywa mchanga wake, bahari hula nchi kavu. Bibi alimsikiliza mzee yule kwa makini sana. Kisha akasema, "Maji hayasahau." Mzee akamtazama, akajibu, "Wala hayana uadui, mama. Yana tabia yake tu, na mwenye kuijua hukaa nayo."

Basi, tukaingia bustanini. Kwa wale wasiopata kuona mahali kama hapo, tutaeleza kidogo. Ni uwanja mkubwa wenye miti na majani, na ndani yake mabwawa mengi, mengine ya kimo cha mguu kwa watoto wadogo, mengine yapata kifua cha mtu mzima. Kandokando yake imesimama minara yenye ngazi, na kutoka juu hushuka mitelezo mfano wa mifereji mikubwa, mingine imenyoka, mingine imejipinda kama nyoka. Mtu hupanda ngazi, huketi juu, hujiachilia, naye hushuka kwa kasi mpaka bwawani. Watoto waliuliza kwa nini mtu huteleza vile wala hachubuki. Sababu ni maji membamba yapitayo daima katika mfereji. Pampu huyavuta maji kutoka chini na kuyapandisha mpaka juu, nayo hushuka yakitandaza utando kati ya mwili na mfereji, hata mwili haugusani nao kwa ukali. Tena maji ya mabwawa hayamwagwi kila siku. Huzungushwa, huchujwa katika mchanga, na hutiwa dawa ya klorini iuayo vijidudu, nayo ikichanganyika na jasho au mkojo huwasha macho kidogo. Kwa hiyo mtoto afundishwe kuoga kwanza kabla ya kuingia, na asijisaidie majini, kwa maana uchafu wa mmoja huwa kazi ya dawa iliyokusudiwa kuwalinda wote.

Watoto wakafurahi furaha ambayo hatukupata kuiona. Mkubwa wetu, aliyeona haya kwa ajili ya kitambaa, alishuka mtelezo mrefu mara tisa, na kitambaa kikabaki kichwani. Wasichana walishikana mikono katika mfereji uendao polepole kuzunguka bustani. Wadogo walikaa katika bwawa la watoto, penye uyoga wa kutengenezwa unaonyesha mvua. Nasi wazazi tuliketi kivulini karibu yao, na Bibi akaketi kitini pembeni, fimbo mkononi, macho yake majini.

Akaanza kuhesabu. "Mmoja, wawili, watatu..." mpaka saba. Akimaliza, huanza tena. Mwanzoni tulimwonea huruma. Baadaye, twakiri, tulichoka kumsikia. Tulimwambia, "Mama, pumzika. Hapa pana waokoaji wenye filimbi, na maji haya si ziwa." Naye akaitika, "Ndiyo, wanangu," akaendelea kuhesabu.

Ilipofika saa saba tukafungua chakula. Tulikuwa tumeleta wali na maharage, na ndizi, na chai katika chupa. Mmoja wetu alitoa simu ili awaonyeshe watoto wakubwa picha alizowapiga katika mtelezo, nasi sote tukaikusanyikia simu ile, tukacheka, maana katika picha moja mkubwa wetu alikuwa amefumba macho na kupanua kinywa kama kiboko. Hatukukaa hivyo dakika tano. Labda hazikufika tatu.

Ndipo tuliposikia fimbo ikigonga sakafu, na sauti ya Bibi, sauti ambayo hatukuisikia tangu mwaka 1996: "Sita! Ni sita!"

Tukageuka. Bwawa la watoto lilikuwa na wadogo wetu, wakicheza. Mtoto mdogo wa jirani hakuwamo. Bibi alikuwa amesimama, akielekeza fimbo upande wa pili, penye bwawa la wakubwa. Huko, hatua mbili tu kutoka ukingoni, tuliona kitambaa chekundu juu ya maji. Mtoto alikuwa wima, kichwa kimelala nyuma, kinywa kikizama na kutokea. Hakulia. Hakuita. Mikono yake ilikuwa ikiyasukuma maji chini, taratibu, kama ndege aliyechoka. Karibu yake watu walikuwa wakiogelea na kucheka, wala hakuna aliyemwona, kwa kuwa hakufanya kelele yo yote.

Mwokoaji, kijana mwembamba, alisikia kelele ya Bibi na kufuata fimbo yake, akajitupa majini kabla ya sisi hatujaondoka mahali petu. Akamwinua mtoto, akamtoa, akamlaza ubavu. Mtoto akakohoa, akatapika maji, ndipo akalia. Wasomaji wapenzi, hatujapata kusikia kilio kitamu kama kile.

Mwokoaji alimchunguza kwa muda mrefu, akatuita pembeni, akatwambia maneno ambayo twataka kila mzazi ayajue. Alisema, "Watu hudhani kwamba anayezama hupiga makelele na kurusha maji. Si hivyo. Pumzi yake haitoshi kuvuta hewa na kupiga kelele pamoja. Huzama kimya, na kwa mtoto mdogo dakika moja ni nyingi." Tena akatuagiza tumtazame mtoto siku ile yote na usiku, na akikohoa bila kukoma, au akipumua kwa shida, au akilala usingizi usio wa kawaida, tumpeleke hospitali mara moja.

Tulikuwa tukitetemeka. Tuliwaita watoto wote, tukaanza kukunja mikeka ili turudi. Hatukuweza kumtazama Bibi usoni. Tulikuwa tumepewa amana ya mtu, na kama si mzee mwenye jicho moja, tungalirudi kwa mama yake mikono mitupu.

Lakini Bibi alikataa kuondoka. Alimpakata mtoto, amemfunika kanga, akasema, "Ketini." Tukaketi. Akasema, "Mwadhani mdogo wenu alikuwa hajui kuogelea kwa sababu gani? Alizaliwa hatua mia tatu kutoka ziwani. Watoto wa wavuvi walikuja kila Jumamosi kumwita. Mimi ndiye niliyemfungia mlango. Nilisema, wewe ni mtoto wa shule, ziwa litakuua. Nilimkataza maji ili asife maji."

Miaka ishirini na tisa tulikuwa tumekaa naye, wala hakupata kulitamka neno hilo. Tukamwambia, "Mama, usijihukumu. Katika meli ile wengi waliojua kuogelea walikufa pia. Walikuwa wamefungiwa ndani." Akajibu, "Labda. Mungu ndiye ajuaye. Lakini mimi sikumpa hata hilo. Na leo, tukiondoka hapa mbio, mtoto huyu atabeba hofu kama nilivyoibeba mimi, naye atawakataza watoto wake, nao watakuwa kama sisi, watu kumi wasioweza kumtoa mtoto majini."

Kisha akafanya jambo ambalo watoto wetu watalisimulia hata uzeeni. Akavua viatu, akashika mkono wa mtoto yule, akatembea naye polepole mpaka bwawa la wadogo, wakaketi wote wawili ukingoni, wakatia miguu majini. Mtoto alilia kidogo, akanyamaza. Bibi naye tulimwona akifuta macho. Baada ya kitambo mtoto akaanza kupiga maji kwa nyayo, na Bibi akampigia vile vile. Sisi tulisimama nyuma yao, hatua moja, wala hatukutoa simu.

Mwokoaji, alipopata nafasi, alikuja kuwaonyesha watoto wakubwa jinsi ya kulala chali juu ya maji. Aliwaambia kwamba mwili wa mtu, mapafu yakijaa hewa, hupenda kuelea wenyewe, na kwamba anayetapatapa ndiye azamaye upesi. Jioni ile mkubwa wetu aliweza kuelea akihesabiwa mpaka ishirini. Tulikumbuka habari ya Petro, jinsi alivyoanza kuzama alipouona upepo, akashikwa mkono. Bwana hakumwambia asikanyage tena maji. Alimshika, akarudi naye chomboni.

Tulifika nyumbani baada ya magharibi. Njiani mtoto mmoja alinong'ona, "Tusimwambie mama yao, maana mdogo amekwisha pona." Neno hilo lilikuwa jaribu, kwa kuwa mioyo yetu sisi wakubwa ilikuwa imekwisha kulinena kwanza. Lakini mtu aliyekupa amana ana haki ya kujua jinsi ulivyoishika. Tena mwokoaji alisema mtoto aangaliwe usiku, na angemwangaliaje mama asiyejua? Tukaenda mlangoni pake, tukamweleza yote, bila kuficha simu wala kicheko.

Alisikiliza akiwa amesimama. Akamchukua mtoto, akamnusa kichwa, akasema, "Alhamdulillahi." Kisha akatwambia, "Usiku huu siwezi kusema neno. Nitasema kesho." Tukarudi tumeinamisha vichwa. Usiku kucha taa yake iliwaka, na yetu pia.

Asubuhi alikuja na sahani ya maandazi, akaiweka mbele ya Bibi, akamshika mikono miwili asiseme kitu. Ndipo alipotugeukia sisi, akasema, "Nilikasirika, na bado sijamaliza kukasirika. Lakini mngalinificha, tusingalikuwa majirani tena. Mtakapowafundisha watoto kuogelea, nami nataka niwepo nikitazama." Basi hivyo ndivyo tulivyofanya. Tangu Julai ile watoto saba walipelekwa kila Jumamosi ya pili kufundishwa na mtu ajuaye kazi hiyo, na watu wazima wawili waliketi ukingoni, mmoja akihesabu na mwingine akipumzika, wakipokezana.

Wasomaji wetu, na hasa ninyi walimu, msidhani kwamba habari hii ni ya watu wa mjini wenye nauli ya kwenda kwenye mitelezo. Shirika la Afya la Ulimwengu limekadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Kwa sababu hiyo Umoja wa Mataifa uliamua mwaka 2021 kwamba tarehe 25 Julai kila mwaka iwe siku ya kuwakumbusha watu jinsi ya kujikinga na kufa maji. Na wengi wa hao hawafi baharini wala katika meli. Hufa kisimani, dimbwini, mtoni wanapoteka maji, katika mashimo yaliyoachwa wazi baada ya kuchimbwa mchanga au udongo wa matofali. Mtoto aanzaye kutambaa aweza kufa katika ndoo moja iliyoachwa uani.

Basi yafaa tufanye haya, nayo si ya gharama. Kisima kiwe na kifuniko. Ndoo imwagwe au ifunikwe. Shimo lifukiwe au lizungushiwe ua. Watoto wakienda penye maji, mtu mzima mmoja atajwe kwa jina lake kuwa ndiye mlinzi, wala asiwe na kazi nyingine wala simu mkononi, kwa maana palipo na walinzi kumi wasiotajwa hapana mlinzi. Na mtoto aliyefika umri wa shule afundishwe kuelea na kuogelea, na mtu ajuaye, mahali penye usalama. Asiyejua kuogelea asiruke kumwokoa mwenzake, bali amtupie kamba, au tawi, au dumu tupu lililofungwa kifuniko, na apige kelele kuomba msaada.

Kwa habari ya Bibi, macho yake yalipona kiasi, naye alirudi Bukoba mwishoni mwa Agosti. Safari hii aliomba apitie Mwanza. Daraja la Busisi lilikuwa limefunguliwa mwezi wa Juni mwaka ule ule, nalo lina urefu wa kilometa tatu juu ya ziwa. Alizuru Igoma kwanza. Kisha akapanda basi, akavuka juu ya maji mchana, ameketi dirishani. Alipofika ng'ambo alitupigia simu. Tulimwuliza, "Mama, uliogopa?" Akajibu, "Niliogopa. Lakini nilitazama."

Kipande kimoja cha kanga nyekundu alituachia. Tumekitundika ukutani, karibu na lile kopo, ambalo watoto wamekwisha kuanza kulitia sarafu tena.

Twawasalimu wote kwa amani ya Bwana.